Birika la Baba Lisiwekwe kwenye Makaa

Stellah na Elias,

Nimekwenda Bunda kumwona shangazi yenu, nitarudi kesho. Dagaa wako kwenye sufuria ya bluu. Kuku wafungieni mapema.

~~Birika la kahawa la baba yenu msiliguse.~~ Litumieni. Wekeni karatasi ya kuchujia kwenye kichujio, kisha kahawa, halafu mimineni maji ya moto kidogo kidogo kwa kuzungusha, kama alivyokuwaga anafanya yeye. Stellah, acha haraka zako zile.

Mnajua bibi tangu tumzike baba yenu alikuwa anakunywa maji tu. Leo alfajiri nililitoa birika kabatini, nikachuja kahawa, nikaenda ziwani kufua. Nimerudi jua limeshapanda, nikamkuta analipeleka kwenye makaa kama sufuria ya chai.

"Mama, litaungua hilo!"

"Sasa mkamwana, unataka ninywe kahawa ya baridi?"

Nikammiminia kikombe. Mvuke ukampanda mpaka usoni. Akanitazama.

"Nani amepasha?"

"Hakuna mtu, mama. Ni ileile ya alfajiri."

Akakishika kikombe kwa mikono miwili. Kisha akasema taratibu, "Basi mwanangu ameacha moto humu ndani."

Akanywa yote, akaomba tena.

Jioni mtengenezeeni nyingine. Elias, najua utataka kumweleza kwamba birika lina kuta mbili ndiyo maana halipoi. Usimweleze.

Mama yenu