Nyumba Niliyokatazwa Kununua

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi tu wazima. Magoti yako je, yamepoa?

Mwenye nyumba wetu, yule mwalimu mstaafu, anaiuza nyumba tunayopanga, na ameahidi kutomwuzia mwingine kabla sijamjibu. Wasomi wenzangu wananicheka: eti kupanga ni uhuru, kununua ni kujifunga kamba mguuni. Nimewajibu kwamba uhuru wa kufukuzwa siuhitaji. Mama amehama mno maishani, godoro kichwani. Nataka azeekee mahali pasipo na wa kumgongea mlango. Akiba yangu na mkopo wa kazini vinatosha. Tatizo ni ufa wa sebuleni. Wewe ni fundi. Uutazame, kisha unisemee kwa mwalimu, maana si adabu kijana kuvutana bei na mzee.

Mpwa wako

19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Magoti yananitabiria mvua tu. Nilifika ukiwa kazini. Nimegonga ukuta, nimechimba pembeni. Msingi umedidimia, mwanangu. Nyumba hiyo ni mgonjwa aliyepakwa poda. Endelea kupanga. Ikianguka, imwangukie mwenyewe. Najua hupendi kushindwa, lakini zege halibishani na shahada. Nimekwisha kumwambia mwalimu kuwa umeghairi.

Mjomba wako

24 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Umefanya haraka, na kichwani nimebishana nawe kutwa. Lakini nimwamini nani kama si ndugu wa mama? Ahsante. Tutapanga.

Mpwa wako

11 Mei

Mjomba,

Shikamoo, adabu yangu bado ninayo.

Juzi mwalimu alikuja kuaga, mama akiwa sokoni. Nikampa pole ya msingi. Akanikodolea macho. "Msingi gani? Ulipoghairi, si mjomba wako ndiye aliyenunua?" Nikaita fundi mwingine: ufa ni wa lipu tu. Uliniambia nyumba ni mgonjwa, kumbe ulikuwa ukivizia urithi wake. Nijibu.

Mpwa wako

20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Punguza maneno. Kuta hizo nilizipandisha mimi nikiwa kijana kama wewe, kisha nikarudi kulala chumba cha kupanga, hadi leo. Wewe utanunua nyingine. Mimi umri umenipita. Nimemwambia mama yako kuwa chumba cha mbele ni chake maisha yake yote, bila kodi. Nawe ukitaka, baki. Kodi yako ni ileile.

Mjomba wako

2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nilimsihi mama tuhame pamoja. Nilimpa hoja zote isipokuwa ile ya kweli. Alinisikiliza hadi mwisho huku akikunja nguo, kisha akasema, "Ulitaka nipate pa kuzeekea. Nimepapata. Sasa nibebe tena godoro kwa sababu ya kiburi chako?"

Nikamsaidia kukunja zilizobaki.

Nimepanga chumba ng'ambo ya mji. Mama anaamini kwamba mimi niliogopa kununua, na wewe ukatuokoa. Kila asubuhi anakuombea dua. Sikumsahihisha, maana angeondoka siku hiyohiyo, na hana tena nguvu za kuhama. Mwache aamini hivyo.

Usiniandikie tena.

Mtoto wa dada yako