Neno Tulilolifukuza Nyumbani

Baba mkwe wangu,

Shikamoo. Miezi mitano sasa sijasikia marahaba yako ile yenye mkwaruzo.

Imrani haongei. Naanza na hilo maana ndilo linalonitisha. Mjukuu wako, aliyekuwa akikuita "Dada" tangu unafungua duka mpaka unalifunga, hajatamka neno tangu wiki ya msiba wako. Kliniki wamemtazama masikio na koo, wakasema nisubiri. Nisubiri nini, Baba? Anakaribia miaka miwili.

Kosa ni langu. Wiki ile alisukuma mlango wa chumba chako huku anakuita, na Mama mkwe akaanguka, akazimia. Nikasema neno hilo lisisikike tena humu ndani. Hata watoto wa jirani walipoitana dada barazani niliwafukuza.

"Sasa dada yetu tumwiteje, mama Imrani?" wakaniuliza.

Unakumbuka nilivyocheka nilipotoka Mwera kuja kuolewa hapa Pangani? Mzee mzima na ndevu zake, wajukuu wanamwita dada! Ulikuwa unapima sukari ya foleni, miaka ile ya uhaba, nusu kilo nusu kilo. Ukaniambia, "Mwanangu, kwa Kigujarati chetu dada ni baba wa baba. Kwenu ni ndugu wa kike mkubwa. Wamisri humwita hivyo yaya wa watoto." Ukasema huenda sote tulilipata kwa mtoto asiye na meno. Yeye anasema da-da tu, na aliye karibu anadhani ameitwa yeye.

Siku hizi rafu zimejaa, Baba. Sabuni za kila rangi, mitumba mpaka mlangoni. Kiti chako hakikaliwi.

Leo mchana nilikikalia, nimempakata Imrani. Nikasema, "Dada alikuwa anakaa hapa." Mama mkwe akaacha kukunja vitenge, akanitazama. Nikarudia. Mtoto akageuka, akanishika midomo kwa vidole vyake, akaishikilia.

Hakusema kitu. Bado naogopa, sikufichi. Usiku huwa nasikiliza anavyopumua, nangoja hata aote kwa sauti.

Lakini watoto wa jirani nimewaita warudi barazani, waitane wapendavyo. Na neno lako nitalisema kila siku nikikaa kwenye kiti chako, hata Mama mkwe akilia. Tutalia naye, kisha nitalisema tena.

Pumzika, Baba. Akikuita, nitamwitikia kwa niaba yako.

Mkweo,
Mama Imrani