Brauni za Baba Mkwe

Mwaya, Kyela
3 Januari

Mama yangu mpendwa,

Mugonile, Mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mguu uliokuwa unavimba sasa unakufikisha kanisani bila fimbo. Wajukuu zako hawajambo, wanakula na kugombana kama kawaida. Mvua zimeshika na mpunga tumekwisha panda. Mimi mwili ni mzima. Mwili tu, Mama, nisikudanganye. Roho imechafuka.

Ningekupigia simu, lakini simu yako unaiweka sauti kubwa na kila aliyekuja kuomba moto anasikiliza. Ndiyo maana nimeandika, na bwana shamba anayekuja huko Ngana kesho ameahidi kukupa mkononi. Isome peke yako kwanza. Na kabla hujafika mbali nakuomba jambo moja: yule mbuzi ambaye baba mdogo anataka kumleta huku kuniombea radhi, asitoke zizini. Umemfuga mwenyewe kwa jasho lako, na kosa wanalotaka alipie silo langu.

Najua ulichoambiwa. Umeambiwa binti yako Prisca aliandika jina la baba mkwe wake juu ya keki, akaipeleka mezani siku ya Krismasi watu wote wakiona. Na wewe, badala ya kuniuliza, ukaniambia niombe radhi yaishe. Mama, hilo limeniuma kuliko maneno yote ya watu wa hapa. Si wewe uliyenikalisha chini kabla sijaolewa, ukaniambia mkamwana hamtaji mkwe wake, hamtazami usoni, hasemi naye, na wakikutana njiani yeye ndiye anayechepuka? Nyumba nyingi siku hizi zimeacha. Hii haijaacha, maana shangazi yake mume wangu Ezra, dada wa baba mkwe, analinda mila hiyo kuliko anavyolinda afya yake. Basi nimechepuka miaka tisa. Nimejipenyeza kwenye mikakao na ndoo ya maji kichwani ili mzee apite kwa raha. Nampikia, namfulia, na mpaka leo sijui kama chakula changu anakiona kina chumvi nyingi au kidogo. Leo nije nisahau yote hayo, tena kwa maandishi?

Sikiliza ilivyokuwa. Mwaka huu nilisema sigawi vitenge wala sukari. Kwenye semina ya akina mama kanisani tulifundishwa kupika brauni, zile keki nyeusi nzito za kakao, nikaona hiyo ndiyo zawadi. Watu wa hapa tunavuna kakao, tunaianika, tunaipeleka ghalani, na ladha yake tunasimuliwa. Nikachuma kwenye ile miti michache nyuma ya jiko, nikavundika mbegu kwenye majani ya mgomba, nikaanika, nikakaanga, nikamenya, nikatwanga na kusaga kwenye jiwe mpaka mabega yakaniuma. Nikaoka kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Ya kwanza iliungua nikaila na watoto. Zilizofuata zilitoka vizuri, laini katikati, zinang'aa juu.

Kila mtu nilimkatia kipande kikubwa na kumtilia kwenye boksi lake. Juu nikapamba kwa sukari ya unga iliyokorogwa na rangi, nikiikamua kwa mfuko wa nailoni uliotobolewa pembeni: nyota, majani ya kijani, na jina la mwenyewe. Cha baba mkwe ndicho nilichokitolea jasho, Mama, nakwambia ukweli. Mzee yule amepanda kakao tangu ujana wake na hajawahi kuila kwenye kitu chochote. Kuongea naye siruhusiwi, kwa hiyo lolote ninalotaka kumwambia linapita kwenye sahani. Jina sikuandika. Nilimchorea tunda la kakao la njano, na mistari yake, na jani moja pembeni.

Sasa, mke wa shemeji yangu Bryson, yule mwalimu Generosa aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, alikuja kunisaidia. Mwandiko wake mzuri, nikamwachia majina ya watoto nikaenda kuteka maji. Yeye akaona boksi moja halina jina, akadhani nimepitiwa. Akaandika YAKOBO, herufi kubwa nyekundu, chini ya tunda langu, akafunika. Hakunieleza, kwa kuwa hakuona cha kueleza. Kwao hayo hayapo. Mpaka hapo simlaumu, mgeni ni mgeni.

Chakula kilipoisha wakagawa maboksi barazani, mimi nikiwa jikoni kama ilivyo kawaida yangu. Shangazi akafungua la kaka yake amwonyeshe. Nikasikia shangazi anauliza nani amemtaja mzee. Akaja mpaka jikoni ameshika boksi kama mtu aliyeokota nyoka. Nikamwambia si mimi. Akasema keki nani kapika. Nikasema mimi. Akasema basi. Nikatoka mpaka kwenye kona ya nyumba nikamwangalia Generosa, na Generosa akawa anatafuta kitu kwenye simu yake. Mwalimu mzima, anafundisha watoto wa watu kusema kweli. Na Ezra, mume wangu niliyezaa naye, akasema tusiharibu sikukuu, mambo haya yatazungumzwa. Tusiharibu sikukuu! Sikukuu ya nani, wakati mimi nimesimama kwenye kona ya nyumba kama mwizi wa kuku?

Shangazi akaliweka boksi juu ya kabati la sebuleni, akasema ndicho kidhibiti, lisiguswe mpaka wazee wakae. Siku hiyohiyo akampigia baba mdogo, baba mdogo akakupigia wewe, na habari ya mbuzi ikazaliwa. Siku zilizofuata niliteka maji na kupika wali huku watu wananipita bila kunijibu salamu. Nilimfuata Ezra shambani nikamwambia Generosa ndiye aliyeandika. Akasema anajua, Bryson kamnong'oneza, ila Generosa ni mtumishi wa serikali na si wa huku, ataonekana vibaya ukoo mzima, mimi ni wa hapa nitavumilia. Mama, uliwahi kusikia hasira inapanda mpaka masikio yanaziba? Ndivyo nilivyokuwa. Niliacha jembe palepale nikarudi nyumbani kufua, maana nguo hazisubiri mtu apoe.

Na kwenye kufua ndiko nilikokuta jambo. Mfukoni mwa koti la baba mkwe, lile la kanisani, kulikuwa na makombo meusi, na sukari ya njano imeganda kwenye bitana. Nilikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa nikayaangalia makombo yale. Mzee alikuwa ameila. Alichukua kidhibiti chao juu ya kabati, akala, akafuta mdomo, akakaa kimya. Nikasema moyoni basi, siku ya kikao atasema mwenyewe, na nikatulia. Nilimwamini, Mama.

Kikao kikafika. Wazee sebuleni, mimi nyuma ya pazia la chumba cha watoto, maana hata ukishtakiwa humtazami aliyekosewa. Shangazi akaeleza kwa kirefu jinsi nyumba inavyobomoka. Kisha akateremsha boksi, akalifungua, ndani hamna kitu. Unajua alisema nini? Kwamba nimekula ushahidi. Kwamba mkamwana wenu huyu ni mjanja, aliona fedheha akaila usiku ipotee. Wakaguna wote. Ezra yumo. Generosa yumo, ameinamisha kichwa. Na baba mkwe yumo kwenye kiti chake, nilisikia anakohoa, nikangoja. Nikangoja aseme. Wakaanza kupanga mbuzi awe wa rangi gani, na mzee bado kimya.

Sasa Mama, lifuatalo hujaambiwa na mtu, na nataka ulisikie kwangu kabla hawajakufikia. Jina juu ya keki sikuandika. Lakini mdomo ni wangu. Nilifungua pazia nikatoka, nikasimama mbele ya baba mkwe wangu nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa. Ana kovu juu ya nyusi, na macho yake ndiyo ya Ezra. Nikamwita kwa jina. Nikasema, Yakobo, mimi ndiye ninayekupikia. Waambie, ile keki ulikula au hukula?

Shangazi akapiga yowe. Mzee mmoja akajifunika uso kwa kofia. Baba mkwe akageuza kiti polepole akatazama ukuta, maana yeye bado aliniheshimu mimi hata pale, kisha akauambia ukuta kwamba alikula. Alisema alianza na jina. Akainuka akaenda zizini kwa ng'ombe wake.

Nilidhani nitafurahi, lakini ndipo nilipokasirika zaidi. Alijua tangu mwanzo kwamba hakuna aliyemtukana. Alikula mpaka makombo, ikampendeza, na akawaacha wanisage ili yeye asivunje ukimya wake. Shangazi sasa anasema mbuzi hatoshi, anataka ng'ombe, na nirudi Ngana mpaka alipwe. Generosa alikuja kunililia jikoni. Nikamwambia machozi ayapeleke sebuleni yalikotakiwa, na hadi leo hajayapeleka. Ezra ananiambia nimuonee huruma, yuko katikati. Nimemwambia katikati hakuna kiti, achague upande akae.

Mama, sirudi Ngana. Hapa nimezalia, hapa nimelima. Radhi siombi, kwa jina nisiloandika wala kwa lile nililolitamka. Ukinililia utakuwa umelia bure, na ukimtuma baba mdogo na mbuzi nitawarudisha wote wawili njiani. Kama unanipenda, safari hii kaa upande wangu hata kama unaona aibu.

Jana asubuhi nilikuwa natwanga uani. Nikasikia hatua za baba mkwe zinakuja nyuma ya ukuta wa jiko, zikasimama. Zamani ningekimbia. Nikaacha kutwanga, nikabaki hapohapo. Akaita, Prisca. Hajawahi kulitamka jina langu, Mama, lilimtoka kama mtu anayeonja kitu cha moto. Akauliza ile kakao ilikuwa ya miti ipi. Ni miti aliyoipanda kwa mikono yake, na jibu lilikuwa mdomoni. Sikumwitikia. Alisimama muda mrefu upande wa pili wa ukuta, mimi nikiwa nimeshika mchi, akingoja niseme. Nikanyamaza, naye aone inavyokuwa kungoja mtu aseme.

Nisalimie shangazi wa huko kwetu na wote walioko nyumbani, na baba mdogo pia, ingawa nimemkasirikia. Nenda hospitali mguu ule utazamwe, usiishie kuukanda tu. Watoto wanakuulizia kila siku. Ndaga fijo kwa kunisoma mpaka hapa.

Ni mimi mwanao,
Prisca