Babu Yako na Vigae vya Lambwe

Mpendwa Akinyi,

Huku Lambwe hatujambo, ila mbuzi amekula kofia ya babu yako ya kanisani, na hawasemezani.

Unauliza tulikutana vipi. Miaka ile ya sitini nilijitolea kusaidia wageni waliotafuta mashambani vigae vya vyungu vya watu wa kale. Tulitembea kwa mstari, tumeinama, kimya. Wapita njia wakadhani kuna kitu kimepotea, wakajiunga. Mama mmoja aliliona jembe lake lililopotea, akaenda zake. Babu yako aliinama kando yangu mpaka jioni, na kesho yake akarudi.

Juzi tukila aliniuliza, akiniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa, "Nyar Magunga, kwani siku zile mlikuwa mnatafuta kitu gani?"

Nikamwambia kilishapatikana.

Mimi dani, bibi yako