Dawa ya Mama Mkwe Niliyoitia Barafu

Jumatatu, Julai 1999. Asubuhi, saa nne na kitu.

Joto. Na si joto la Dodoma linalokausha jasho kabla hujalifuta. Hili la huku Alexandria, jirani na Maryland, linakuvaa kama shuka lililotoka majini. Kiyoyozi cha dirishani kinanguruma tangu jana na hakipoozi kitu. Leo sina zamu. Nimekaa jikoni mbele ya kompyuta, vidole vyangu vimebaki vyekundu mpaka kwenye kucha, na sina haja ya kuvisugua.

Nina hasira, shajara yangu ya mtandaoni. Nashangaa tu kwamba nimelala vizuri.

Mume wangu nitamwita Yohana hapa. Si jina lake. Nimemwomba ruhusa ya kuandika yaliyotokea, akaniambia andika tu, wasomaji wako wenyewe unawahesabu kwa vidole. Kweli. Na nikiwa mtandaoni simu haiwezi kuingia, maana kompyuta inatumia laini hiyohiyo, jambo ambalo leo linanifaa sana.

Tumeoana, huu ni mwaka wa tisa. Hatuna mtoto. Huku kila mwanamke wa rika langu kutoka nyumbani ni Mama Fulani. Mimi ni dada Stella, na wengine kabla ya kuniita husita kidogo, kama wanaotafuta jina jingine la kunipa.

Mama mkwe wangu yuko Dodoma. Miaka sita sasa, kila msafiri anayetoka huko huja na kifurushi changu cha choya kavu, yale maua mekundu ambayo wengine huyaita rozela, yamefungwa kwenye gazeti kisha kwenye mfuko wa plastiki. Maagizo ni yaleyale. Chemsha mpaka maji yawe meusi. Usitie sukari. Kunywa kikombe kizima asubuhi kabla hujala kitu. Kwetu choya huongeza damu. Mjamzito hupewa, aliyejifungua hupewa, na kwa imani ya mama, hata ambaye hajashika mimba apewe, ili tumbo lipate nguvu ya kushika.

Nilikunywa. Kila asubuhi nilisimama kwenye sinki, nikaziba pua, nikameza.

Sasa nikiri. Miaka minne iliyopita daktari alitupima wote wawili, akatuambia bila kuzungukazunguka kwamba tatizo haliko kwangu. Liko kwa Yohana, na halina dawa. Tulipotoka pale tulikaa garini muda mrefu, akaniomba jambo moja tu, nisimwambie mama yake. Nikakubali. Nikaendelea kunywa, maana mama aliuliza kwenye simu kila wiki kama ninakunywa, na mimi sikuweza kumwambia mtu mzima uongo. Ona akili yangu. Nilikataa kusema uongo, nikawa naunywa.

Mwaka jana nilichoka, nikaacha. Mama alipouliza, Yohana ndiye aliyekuwa akijibu, na sikumuuliza anajibu nini. Vifurushi viliendelea kuja, nikavipanga kwenye kabati la juu, kwa sababu sijafundishwa kutupa kitu kilichotoka shambani.

Aliyevigundua ni Lupe. Ni Mmexico, tunafanya kazi pamoja kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, yeye upande wa mashuka, mimi taulo. Wiki tatu zilizopita alipita kwangu baada ya kazi kunywa chai, akafungua kabati akitafuta sukari, akakutana na vifurushi kumi na kimoja. Akanusa kimoja, akacheka mpaka akakaa chini. Kwao wanaiita hamaika, wanaipika kila mchana wa joto, watoto na wazee wanakunywa. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba kwetu ni dawa ya wanawake. Akaniuliza dawa ya ugonjwa gani. Nikamwomba anipe somo la kuipika.

Basi jamii yetu ilikuwa na pikiniki jana. Jumamosi mchana nikasema liwalo na liwe, nitapika.

Nilichukua sufuria ya chuma kisichoshika kutu, si ile ya alumini, maana ukali wa choya hula alumini. Nikaosha maua mara mbili kwenye beseni. Mchanga wa Dodoma ulibaki chini, na nilisimama nikautazama kidogo kabla ya kuumwaga. Maji yakachemka. Nikazima moto kwanza, ndipo nikatia maua na kijiti cha mdalasini, nikafunika. Hapo ndipo Lupe aliponigombeza siku ya somo, kwa sababu mimi nilitaka kuyachemsha mpaka yatoe roho. Ukiyachemsha sana yanakuwa machungu. Ukiyaacha kwenye maji ya moto yatatoa yote yenyewe, muda wa kupiga pasi mashati mawili hivi.

Kisha nikachuja kwa kitambaa cheupe ambacho hakitakuwa cheupe tena. Sukari hutiwa ikiwa bado moto, iyeyuke. Nilitia vikombe viwili, nikaonja, nikatia cha tatu. Hicho cha tatu nilikitia kwa makusudi kabisa, nikimfikiria mtu fulani wa Dodoma. Halafu maji baridi ya kuzimua, ndimu nne, na barafu mpaka sufuria ikalalamika.

Nikanywa bilauri nzima pale pale kwenye sinki. Ukali unakupiga kwenye taya, utamu unafuata, halafu ubaridi unashuka mpaka kifuani. Nikanywa ya pili. Nililia kidogo pia, sitaki kuficha, lakini nilikuwa nalia huku naongeza barafu.

Ilikuwa tamu. Miaka yote hiyo ilikuwa inaweza kuwa tamu.

Vifurushi vinne vilijaza dumu letu lenye kibomba cha kumiminia mpaka shingoni. Yohana aliliweka kwenye buti bila kuuliza. Tukashika njia ya Springfield tukimpitia mwenzake wanayeendesha naye teksi, tukavuka mto kwenda Maryland, mpaka bustani moja nje ya Upper Marlboro ambako watu wa kwetu walishawasha mkaa. Kulikuwa na Watanzania wengi, Wakenya kadhaa, nyama ya mbuzi, pilau, na watoto wanaoongea Kiingereza tupu.

Nikaweka dumu juu ya meza, kwenye kivuli. Watoto ndio walioanza. Kitoto kimoja kiliniambia, "Auntie, it's like fruit punch but mean," yaani juisi ya matunda yenye ukali, kikarudi na vikombe viwili.

Kisha akaja Mama Neema. Huyu ni muuguzi, mkubwa kwetu, ndiye anayewapokea wanawake wapya na kuwazika watu wetu wakifa. Simsemi vibaya. Alionja, akatambua. Akanitazama gauni, lile pana la kitenge nililovaa kwa ajili ya joto. Akaniuliza kwa sauti ya chini, hii choya ninaitumia ya nini.

Na mimi mdomo wangu. Nilikuwa na furaha, nikajibu kama anavyojibu kila mtu kwetu, "Si inaongeza damu, mama."

Nilimaanisha mzaha. Nikaenda garini kuchukua mfuko wa pili wa barafu.

Niliporudi nilisikia vigelegele. Nilidhani kuna aliyetangaza uchumba. Wanawake wawili wakanikumbatia, barafu na yote, mmoja akaniambia nisibebe vitu vizito sasa. Mama Neema alikuwa na machozi. "Mungu si Athumani, mwanangu," akasema. "Miaka tisa. Nilijua atakuona tu."

Nikamtafuta Yohana kwa macho. Alikuwa kwenye mkaa, wanaume wamemzunguka, wanampiga mgongoni, wanamwita baba kijacho. Nikangoja akanushe. Ni neno moja tu, hapana, hata mtoto analiweza. Yohana alitabasamu tabasamu ambalo sijaliona tangu tulipooana, akasema, "Tunamshukuru Mungu."

Ningeweza kunyamaza. Nilijua kabisa namna ya kunyamaza, ningepokea pongezi, nikae miezi miwili, kisha niseme imeharibika, watu walie nami, nipelekewe supu. Niliiona njia nzima mpaka mwisho wake.

Nikaweka barafu mezani. "Jamani, naomba mnisikilize," nikasema. "Sina mimba. Hii ni juisi. Nimeileta kwa sababu jua ni kali."

Mafuta yakasikika yakidondokea mkaa. Mama Neema alinishika mkono, akaniambia taratibu kwamba hata kama ni hivyo, mambo kama haya hayasemwi mbele za watu.

"Pongezi zimesemwa mbele za watu, mama," nikamjibu.

Sijawahi kumjibu mkubwa hivyo. Nikafungua mfuko, nikamimina barafu kwenye dumu, nikasimama pale na kijiko changu kikubwa kama muuza duka. Kisha Wanjiru, msichana wa Kikenya anayetunza wazee huko Springfield, akaja na kikombe chake. "Niongezee, aki," akasema. "Na uniandikie recipe, mimi ni-try kwa nyumba." Akasimama karibu yangu, akanywa polepole mpaka watu wakaanza kuongea tena.

Mama Neema hakurudi mezani. Wengine walirudi. Dumu liliisha.

Njiani Yohana ndiye aliyeendesha. Tulishamshusha mwenzake, tuko kwenye foleni ya Springfield, ndipo akasema ningemwacha kidogo tu. Nikamuuliza kidogo mpaka lini. Halafu akasema, "Nilitaka na mimi nipongezwe, Stella. Hata kwa dakika kumi."

Nilimwonea huruma. Lakini sikumwomba radhi, na usiulize kama ningepaswa. Dakika kumi zake ningezibeba mimi tumboni kwa miezi tisa.

Leo asubuhi saa mbili alimpigia mama yake kwa kadi ya simu, kama kila Jumatatu. Kumbe habari njema zilifika kabla yake. Mama Neema ana dada yake kule, na aliyetoa habari haraka hakuwa na haraka ya kuisahihisha. Nilikuwa naosha dumu. Nilisikia kigelegele cha mama kupitia kwenye simu, kutoka ng'ambo ya chumba. Kisha wimbo wa kanisani.

Yohana akaninyooshea simu, ameiziba kwa kiganja. "Ongea naye wewe," akasema. "Wewe unajua kusema."

Nikaweka mikono nyuma. Ilikuwa imelowa, lakini si ndiyo sababu. "Ni mama yako," nikamwambia. "Mwambie wewe, tena mwambie yote."

Dakika za kadi yetu zilikuwa zinaungua. Mama alikuwa bado anaimba. Yohana akaegemea ukuta, akashuka mpaka akakaa sakafuni, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, akaiweka simu sikioni.

"Mama," akasema. "Acha kuimba, mama. Hakuna mtoto. Na si Stella. Ni mimi. Daktari alisema ni mimi."

Wimbo ukakoma. Nilifunga bomba ili nisikie, sikusikia kitu. Yohana akawa anajibu tu. Miaka minne. Ndiyo, mama, alikuwa anakunywa. Ndiyo, kila siku. Alijua. Kisha akaninyooshea simu tena, na safari hii hakuwa anajificha, mama ndiye aliyeniomba.

Nikajifuta mikono, nikaipokea. Nilimwamkia, akaitikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote, maneno, kilio, lawama kwamba nimemwaibisha mwanawe mbele ya watu wa ng'ambo. Nilikuwa na majibu yangu nimeyapanga tangu mwaka wa tatu wa ndoa.

"Mwanangu," akasema, "ilikuwa chungu?"

"Ilikuwa chungu sana, mama."

Akavuta pumzi. Sijui kama alikuwa analia au ni laini ya simu. Nilijua anangoja nini, kwa sababu mimi pia nimelelewa. Mkubwa akishuka mpaka hapo, wewe mdogo humwokota haraka. Unasema usijali, mama. Unasema yameshapita.

Sikusema.

Tulikaa hivyo, yeye Dodoma na mimi huku, mpaka kadi ikaisha na yule mwanamke wa kwenye mashine akatuaga kwa Kiingereza.

Yohana bado amekaa sakafuni ninavyoandika. Nimemletea mto wa kukalia, si zaidi. Pengine Jumatatu ijayo nitaweza kumwambia mama kwamba yameshapita. Leo bado hayajapita, na sitamwambia mtu yeyote kwamba yamepita.