Unaingia au Unapita?

Mpendwa mshauri, Mama Sabina,

Naomba msaada wako, na naomba unijibu bila kunionea haya kwa ajili ya umri wangu, kwa sababu jambo lenyewe linahusu pikipiki yangu na mke wangu anayepanda nyuma, na nisipoangalia nitabaki sina usafiri na sina abiria.

Mimi ni mzee wa Suguti niliyerudi nyumbani baada ya kuishi Mufindi kwenye mashamba ya chai tangu ujana, huko nilikuwa karani, kisha msimamizi wa ghala, na maisha yangu yote ya kazi niliendesha pikapu kwenye kona za matope na ukungu bila kumgusa hata kuku, kwa hiyo usiniweke pamoja na watu wasiojua usukani. Nilipostaafu wenzangu walinizawadia pikipiki nyekundu, tukaileta huku juu ya lori pamoja na vitanda na masanduku ya vitabu, na nilipofika nikagundua jambo ambalo hakuna aliyenionya, kwamba mtu anaweza kurudi kwao na asiwakute watu wake pale alipowaacha, wengine wamelala makaburini, wengine wamehama, na watoto wao wakiniona wananipa kiti kizuri na kuniita mgeni. Pikipiki ndiyo iliyonirudisha kwetu. Kwa pikipiki nimefika Butiama kwa shemeji yangu Wankyo, mjane wa kaka yangu, nikampelekea samaki wakavu wa ziwani, furu, akawanusa kwanza kabla hajanisalimia. Kwa pikipiki nimefika Bunda kwa Boniphace niliyesoma naye, tukabishana mchana kutwa juu ya jina la mwalimu wetu wa hesabu na tukaachana hatujapatana, nami nikarudi na furaha ambayo siwezi kuieleza. Na kila Jumapili nampakia mke wangu Pelagia hadi Kitaji alikokulia, anaimba kwaya, kisha tunapitia Nyasho kula kwa mtoto wetu Evance, na njia nzima Pelagia ananisimulia nani alijenga wapi na nani aliuza kwa nani, hata naweza kusema mji wa Musoma nimeujua upya kwa sauti inayotoka nyuma ya bega langu. Sina ugomvi na uzee, mama. Nimeridhika.

Tatizo ni madereva. Nikitoka kwangu nakata kushoto kuingia barabara kubwa, naonyesha indiketa kama sheria inavyotaka, jambo ambalo vijana wengi wa bodaboda wanaliona ni urembo, kisha naenda pembeni kabisa kushoto, karibu na majani, ili nisimzuie mtu, na mwendo wangu ni wa heshima. Pamoja na adabu yote hiyo hakuna anayenichukia kama dereva mwenye magurudumu manne. Kwenye njia ya Bunda lori lilinipita kwenye kona, likanibana hadi nikahisi upepo wake unataka kunivua koti, nikalikuta Makutano limesimama, dereva ananunua ndizi. Nikamuuliza kwa upole kwa nini alitaka kuniua. Akamaliza kutafuna, akaniambia, "Mzee wangu, si wewe umenipa njia?" Nikamjibu sijampa mtu njia wala sijafungua mdomo. Akasema, "Umenipa, mzee. Mpaka nikasema, huyu mzee mstaarabu." Nimesoma vitabu vingi, mama, lakini sijawahi kukutana na uongo uliotulia namna ile.

Kule Kitaji, mama mmoja mwenye gari dogo alikuwa anasubiri kwenye njia ya pembeni, upande wangu wa kushoto. Alinitazama machoni, nami nikamtazama, kisha akaingia barabarani mbele yangu kana kwamba mimi ni moshi. Nilishika breki, paji la uso la Pelagia likagonga mgongo wangu, na kofia yake ngumu, ambayo huwa anaipakata ili isimharibie kilemba cha kwaya, ikabingirika hadi mtaroni. Yule mama alinyoosha mikono kama anayeshangaa, eti yeye ndiye mwenye kushangaa.

Sasa nikueleze lililonileta. Jumapili iliyopita, Nyasho, haisi ya abiria ilinichomekea, ikapita kushoto kwangu, upande wa majani, mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili, na konda akatoa kichwa dirishani akanipigia kelele, "Mzee, unaingia au unapita?" Mama Sabina, sijui kama utanielewa. Mtu aliyekaa ugenini tangu ujana, aliyerudi akaitwa mgeni nyumbani kwa baba yake, kisha kijana ambaye hakuwa amezaliwa alipoondoka anamuuliza katikati ya barabara kama anaingia au anapita. Damu ilinipanda. Nikamfuata. Nikaongeza moto na Pelagia nyuma yangu, nikapenya kati ya magari, nikamfuata mpaka kituoni, nikashuka na kumwambia arudie maneno yake. Akashuka, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mzee. Mimi nimeuliza tu. Unaingia au unapita? Maana sisi tunashindwa kukuelewa." Watu wakacheka, si sana. Nikakosa jibu.

Pelagia akashuka polepole, akanyoosha kitenge chake, akasema, "Baba Evance, mimi nilikuwaga nimeolewa na karani wa chai. Huyu wa mashindano simjui." Akapanda haisi ileile. Yule konda alimpisha kiti cha dirishani.

Tangu siku hiyo hajapanda pikipiki. Hajanuna, anapika, anaimba, lakini ukitaja Jumapili anasema atakwenda kwa gari na mimi nitamkuta huko. Evance amepata habari, naye ameniambia kwa heshima zote kwamba Jumapili hii akija atachukua ufunguo, maana hataki kuja kutuzika wawili. Simlaumu. Lakini nikiupoteza ufunguo huo nitakaa barazani nikisubiri kutembelewa, na watu hawamtembelei mgeni, mgeni ndiye anayewatembelea.

Nimejichunguza nisijione mwema mno. Chombo ni kizima, breki zinakamata, na hata Pelagia aliponiambia kwamba njia nzima kuna kitu kinalia ti-ti-ti kama nimepakia kifaranga, nilijua ni mnyororo na nikautia mafuta siku hiyohiyo. Nimefanya yangu yote. Je, nifanye nini na madereva wa mji huu? Niwashitaki kwa trafiki, niwapishe zaidi, au nimpe mtoto ufunguo na nikubali kwamba nimechelewa kurudi?

Ni mimi,
Mzee wa Suguti.

MAMA SABINA ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu. Pole kwa hofu, na pole zaidi kwa lile swali lililokuchoma. Salamu zimekwisha, sasa nikae nikukaripie.

Mnyororo haulii kwa vituo. Mnyororo mkavu unakwaruza, tena mfululizo. Kinacholia ti, kikanyamaza, kikalia ti tena, ni indiketa yako, mzee, na ya kushoto. Unaiwasha unapotoka kwako kuingia barabara kubwa, kama mtu mwema, na huizimi mpaka Musoma. Mkeo amekuambia kwa lugha nyepesi kabisa, ukaenda kupaka mafuta. Mkeo akikuambia kuna kifaranga, simama utafute kifaranga.

Wala sishangai ilivyotokea. Umezeeka kwenye pikapu. Usukani wa gari ukinyooka, indiketa inajirudisha yenyewe, na mkono wako umezoea kutumikiwa. Pikipiki haina mtumishi. Umewasha wewe, utazima wewe, kwa kidole gumba chako cha kushoto. Kitaa chake kidogo pale mbele, jua likiwaka hukioni, na mlio wake ndani ya kofia husikii. Mwenzio nyuma, aliyeacha masikio wazi kwa ajili ya kilemba, ndiye anayesikia. Na hilo nitalirudia.

Sasa soma barua yako mwenyewe upya. Dereva wa lori hakukudanganya. Wewe umekuwa mbali na njia zetu ndefu, au kule kwenye chai hamkuwa na mtu wa kumpisha. Huku, aliye mbele akiwasha ya kulia anamwambia wa nyuma, ngoja, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto anamwambia, pita, kweupe. Wewe uliiwasha ya kushoto kwenye kona, ukajisogeza na kwenye majani. Kwa macho yake ulikuwa unamkaribisha kwa mikono miwili. Alikusifu kwa moyo safi, ukamwita mwongo. Yule mama wa Kitaji aliona indiketa, akaamini unakata kuingia njia yake, ndiyo maana akatoka. Alinyoosha mikono kwa sababu ni yeye uliyemdanganya.

Usidhani nawasafisha madereva. Lile lori halikuwa na ruhusa ya kukupita kwenye kona hata kama ungeliimbia wimbo, kwa sababu taa ya mtu mwingine haimwondolei dereva macho yake. Haisi iliyopita upande wa majani ilikosa, na ningekuwa kituoni konda angenisikia. Wapo wanaoendesha kwa hasira na wataendelea kuwapo baada yangu na baada yako. Hao huwafundishi adabu ukiwa juu ya magurudumu mawili. Anayekupigia honi mgongoni, tafuta mahali pa wazi, mpishe, aende na haraka yake. Kumfuata mtu katikati ya magari ukiwa umempakia mama wa watoto wako, hapo sina utani. Ulimuuliza dereva wa lori kwa nini alitaka kukuua. Jumapili ile aliyetaka kukuua ni wewe mwenyewe, na Pelagia alilijua hilo kabla yako, ndiyo maana alishuka.

Acha na hayo majani. Unadhani pembeni kabisa ndipo penye usalama, kumbe unamwambia kila gari kwamba nafasi inatosha kukubana. Kaa ndani ya njia yako, mahali ambapo gari la nyuma litalazimika kukupita kama linavyopita gari, na ubakize upande wako wa kushoto nafasi ya kukimbilia. Tazama vioo kabla ya kusogea popote. Ukimwona mtu anasubiri kwenye njia ya pembeni, usitosheke na macho yake, maana anaweza kukutazama na asikuone. Angalia tairi lake la mbele, na mkono wako uwe tayari kwenye breki. Usikae ubavuni mwa lori hata dakika. Kama huvioni vioo vyake, dereva wake hakuoni wewe.

Na Pelagia, najua atasomewa haya kwa hiyo namwambia mwenyewe. Dada yangu, kofia inayopakatwa inalinda magoti. Ivae kichwani, uifunge. Kilemba kiweke kwenye mfuko, kwaya ya Kitaji itakusubiri ukifunge mlangoni, na wenzako watakusaidia huku wakikusengenya kidogo kama kawaida. Ukae kwa kutanua miguu, si upande upande. Vaa suruali chini ya kitenge, hakuna padri aliyewahi kuikagua. Na kwa kuwa masikio yako ni mazuri kuliko ya mzee, kazi ya kifaranga nakukabidhi wewe. Kila mkimaliza kona, mguse bega. Akiguswa, anazima, hajibu.

Bunda nendeni kwa basi. Najua itakuuma, mzee, lakini njia ile ya malori na mabasi si ya mtu anayeanza kujifunza upya kidole gumba. Boniphace hatapungua kwa kutembelewa na aliyeshuka basi, na jina la yule mwalimu hamtalikumbuka kwa vyovyote. Butiama kwa shemeji yako subiri kwanza, maana nayo hufiki bila kushika njia hiyohiyo. Mtume mtu apeleke furu. Suguti hadi mjini inawatosha kwa sasa.

Evance akija Jumapili usimkabidhi ufunguo na usibishane naye. Mwonyeshe barua hii. Kisha mwambie akufuate nyuma kwa chombo chake toka Suguti hadi Nyasho, mama yake akiwa nyuma yako amevaa kofia, na aitazame taa yako ya kushoto njia nzima. Akiiona inawaka pasipo kona, ufunguo ni wake na mimi nitamuunga mkono hapa hapa ukurasani. Asipoiona, atakula chakula cha mchana akinyamaza, na hiyo kwa mtoto wa kiume ni sawa na kuomba radhi.

Limebaki swali la konda. Ukiweza mtafute kituoni, umsalimie, umnunulie soda, maana alikuvulia kofia na akampisha mkeo kiti, na vijana wa namna hiyo hawaokotwi. Alikuuliza juu ya taa yako, mzee, si juu ya maisha yako. Lakini kwa kuwa ulikosa jibu mbele za watu, mimi nakupa la kwenda nalo. Mtu ambaye shemeji yake ananusa furu kabla ya kumsalimia, ambaye mkewe anamwacha kituoni na bado anampikia, ambaye mtoto wake anagombania ufunguo wake ili asimzike, huyo si mpita njia.

Umeingia, mzee wangu. Siku nyingi. Sasa zima taa.