Mchanga Ulioufurahia

Baba Kulwa,

Bado sijaamini. Hata leo nikisikia sululu ikigonga ardhi, naangusha nilichoshika.

Ulikuwa unachimba mtaro wa bomba letu la maji, kutoka barabarani hadi mlangoni. Nilikuletea uji, ukaniita kwa kicheko: "Mama Kulwa, njoo uone, leo nimepata mteremko!" Chini ya udongo mgumu wa hapa Tinde ulikuwa umekutana na mchanga laini. Miaka uliyochimba dhahabu Geita ilikuzoesha kufurahia ardhi laini, basi ukaufuata. Nikakucheka. Nikageuka kurudi jikoni. Mlio mmoja tu. Nilipogeuka tena, wewe... Mume wangu, uji wako ulikuwa haujapoa.

Kumbe mchanga ule ulimwagwa na mafundi wa umeme kufunika waya wao. Mtu amefukia kifo mbele ya mlango wangu, akasawazisha, akaenda zake! Na sisi tukawa tunaanika mahindi juu yake.

Baada ya arobaini majirani walikuja na majembe wamalizie mtaro. Nikashuka, nikakaa humo ndani. Wakanong'ona kwamba msiba umenivuruga akili. Nikawaambia hachimbi mtu hapa. Mtendaji wa kijiji akaitwa, na ndiye aliyetueleza kuwa sheria inamtaka anayechimba awaulize kwanza wenye nyaya na mabomba. Wenye waya wakaja, wakapima, wakachora mstari mwekundu juu ya ardhi. Mstari ulipita pale pale uliposimama wewe. Walimaliza kabla chai niliyowabandikia haijachemka. Yaani ni hivyo tu? Mtaro ukapindishwa, maji yakatoka. Nimeyakinga ndoo nzima, kuyanywa nimeshindwa.

Lakini kinachonishtua kuliko yote ni hiki. Kule kwenu Samuye, kabla ya kuchimba kaburi lako, vijana walimwuliza mama yako: "Mama, hapa hajalala mtu?" Hakuna aliyegusa udongo mpaka alipojibu. Wewe mwenyewe umeuliza hivyo kwenye misiba mingapi? Kuuliza tunajua, Baba Kulwa. Tunajua sana.

Pumzika, baba wa wanangu. Nakuahidi, kwenye uwanja huu hatachimba mtu, hata shimo la taka, bila kuuliza kwanza, kama tulivyouliza siku ya kukuzika.

Mkeo,
Mama Kulwa